Mhudumu wa Kujitolea Naye ni Mfiwa

MASWALI YA WASOMAJI

Mwezi huu tumechagua barua tatu kutoka Nyanda za Juu Kusini, zote zikihusu watu wanaojitolea kuwahudumia majumbani wagonjwa ambao hawatarajiwi kupona. Anayezijibu ni muuguzi mstaafu aliyeratibu vijijini kwa miaka mingi huduma shufaa, yaani utunzaji wa kumpunguzia mateso mgonjwa asiyetarajiwa kupona. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

Barua ya kwanza

Shikamoo Mama. Mimi ni katekista katika parokia moja wilayani Rungwe, si mbali na Tukuyu. Miaka miwili iliyopita tulianzisha kikundi cha watu 16 wa kuwatembelea wagonjwa majumbani, wengi wao wakiwa na saratani, wengine kiharusi, na wengine ni wazee ambao nguvu zimewaishia. Tulianza na wagonjwa 5. Sasa ninao 23 katika daftari, lakini wahudumu waliobaki ni 7. Aliyekuwa mhimili wetu ni mama mmoja aliyemhudumia binti mwenye saratani ya mlango wa kizazi kwa miezi minne, masika yote, akipanda na kushuka mlima kwa miguu. Tangu tumzike binti huyo, mama haji kikaoni wala hapokei simu yangu. Wengine wananiambia waziwazi kwamba kazi isiyo na malipo imewachosha. Nimehubiri juu ya moyo wa kujitolea mpaka maneno yameniishia. Nifanye nini nisiwapoteze na hawa saba?

Katekista, Rungwe

Jibu

Marahaba, mwanangu. Umeuliza namna ya kuwashika hao saba, nami nakuomba uanze na yule mmoja aliyekwisha kuondoka, kwa sababu hao saba wanatazama kuona kikundi kitamtendea nini, na watakachokiona ndicho watakachokitarajia kwao wenyewe siku yao itakapofika.

Kumbuka jinsi msiba ule ulivyokwenda. Ndugu walikuja kutoka Mbeya, Kyela na pengine Dar es Salaam, wakakaa ndani na wafiwa, na kila aliyeingia aliwapa mkono na kuwaambia pole. Yule mama aliyemwogesha binti, aliyejua upande anaopenda kulalia na kiasi cha uji anachoweza kumeza bila kutapika, alikuwa wapi? Bila shaka alikuwa nyuma ya nyumba pamoja na kina mama wengine akimenya ndizi na kuchochea moto, maana kwa hesabu za ukoo yeye ni jirani tu, na jirani huja msibani kuhudumia. Matanga yalipoanuliwa alirudi kwake, na kesho yake alikuwa shambani. Hakuna aliyempa pole, kwa kuwa hakuna aliyemhesabu kuwa amefiwa. Mimi nasema amefiwa. Miezi minne ya kumshika mtu mkono katika udhaifu wake humfanya huyo mtu kuwa wako, na desturi zetu za msiba, ambazo ni nzuri mno kwa ndugu wa damu, hazijampa mhudumu wa namna hii mahali pa kukaa. Mahali hapo inatupasa tumtengenezee sisi tunaowaratibu.

Kwa hiyo nenda kwake. Usipige simu tena, na daftari liache nyumbani. Chukua wenzake wawili, mbebe sukari au sabuni kama mnavyokwenda kwa mfiwa yeyote, mkifika umwambie: "Mama, tumekuja kukupa pole ya binti yetu." Baada ya hapo nyamaza. Akilia, mwache alie, na akitaka kusimulia siku ile ya mwisho tangu asubuhi mpaka jioni, msikilize mpaka amalize hata kama mlikuwapo na mnayajua yote. Usimuulize atarudi lini. Akisema mwenyewe kwamba harudi tena, mshukuru hapo hapo, kisha mshukuru mbele ya jumuiya Jumapili inayofuata, wala asionekane kama mtu aliyetoroka.

Najua haya kwa kosa langu mwenyewe. Zamani, nilipokuwa mpya katika kazi ya kuratibu, nilikuwa na mhudumu mmoja, mzee wa makamo, aliyemsaidia jirani yake mwenye saratani ya umio. Mke wa mgonjwa hakujua kusoma, kwa hiyo mzee huyo alikuwa akipita kila usiku saa nne kumpimia mumewe dawa ya maumivu. Jirani alipofariki, nilimpa mzee mgonjwa mwingine siku tatu baada ya maziko, kwa sababu tu nyumba ya mgonjwa huyo ilikuwa njiani kwake. Alifika mlangoni, akasikia kikohozi kutoka ndani, akageuka. Hakurudi tena kwetu, na kwa muda mrefu tulipokutana sokoni alinikwepa. Baadaye mke wake aliniambia kwamba kila usiku saa nne mumewe huamka, hukaa kitandani kidogo, kisha hulala tena. Niliposikia hivyo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimemhesabu kama jembe linaloweza kuhamishwa kutoka shamba hili hadi lile.

Tangu wakati huo nimeshika utaratibu ambao sijawahi kuujutia. Mhudumu ambaye mgonjwa wake amefariki hupewa pole rasmi na kikundi ndani ya wiki moja, nyumbani kwake, kisha hukaa mwezi mzima bila kupewa mgonjwa mpya. Kama alikuwa karibu sana na marehemu, au kama marehemu alikuwa mtoto, muda huo huongezwa bila kumlazimisha aombe. Katika kipindi hicho haachwi peke yake: anaweza kufua mablanketi ya kikundi, kupika chai ya kikao, au kusindikiza tu. Vilevile, unapowapokea wahudumu wapya, mtu aliyezika wa kwake katika mwaka huo huo mwombe kwa upole asubiri, hata akija kwa ari kubwa, kwa sababu mara nyingi ari hiyo ni huzuni inayotafuta pa kwenda.

Sasa tuje kwenye daftari. Wagonjwa 23 hawabebeki kwa wahudumu 7, na nadhani hata wale 16 walikuwa wameanza kulemewa kabla hujatambua. Mimi hupanga wahudumu wawili wawili, na kila jozi naihesabia wagonjwa watatu, kila mgonjwa akitembelewa mara moja kwa wiki, na mara nyingi zaidi siku zake zikikaribia. Kwa watu saba unapata jozi tatu, yaani wagonjwa tisa, na yule wa saba anabaki akiba wa kushika nafasi ya aliyeugua au aliyefiwa. Najua hesabu hii itakuuma. Lakini idadi ya wagonjwa hupangwa kwa nguvu za wanaowahudumia, na kikundi kinachopokea kila anayeletwa huishia kutomhudumia yeyote.

Wale 14 waliosalia usiwaache kimyakimya. Kaa na muuguzi wa zahanati pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, mpitie jina kwa jina. Yupo ambaye ana wanawe wanne nyumbani na anachohitaji ni dawa tu na maelekezo. Yupo wa kiharusi aliyekwisha kupata nafuu, ambaye angefurahia kutembelewa na jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwake kuliko na kikundi chenu. Na yupo bibi anayeishi na mjukuu wa miaka tisa, ambaye hawezi kusubiri hata wiki moja. Mkishagawana, nenda wewe mwenyewe kwa kila familia mtakayoipunguzia ziara, uwaeleze sababu na uwaambie nani atakuja badala yenu. Watu wetu husamehe upungufu ulioelezwa mapema, na huumia sana wanapoachwa wakichungulia njia.

Kuhusu kwenda wawili wawili, usikubali kulegeza, hata siku za mvua ambapo mmoja ataona ni rahisi kwenda peke yake. Wakiwa wawili, mmoja hukaa na mgonjwa na mwingine hukaa jikoni na yule anayeuguza, ambaye kwa kawaida hajaulizwa na mtu yeyote kwamba yeye mwenyewe amelalaje. Fedha ikipotea katika nyumba ile, kuna shahidi. Na zaidi ya yote, wakati wa kurudi wanazungumza, na mengi ambayo mtu hawezi kuyasema kikaoni huyasema akiwa anashuka mlima na mwenzake.

Umeniambia pia kwamba wengi wameondoka, lakini hukuniambia kama uliwauliza sababu. Mimi niliwauliza wengi katika miaka yangu. Ni wachache sana waliotaja kifo. Walitaja maumivu: usiku ambao mgonjwa alilia mpaka alfajiri, dawa zikiwa zimekwisha, na mhudumu amesimama mlangoni hana la kufanya wala mtu wa kumpigia. Kifo kinachokuja kwa utulivu mhudumu hukibeba, ingawa kwa majonzi. Kilio cha maumivu ambacho hakikujibiwa humfuata mpaka nyumbani. Kwa hiyo namna mojawapo kubwa ya kumtunza mhudumu ni kuhakikisha kwamba maumivu ya mgonjwa yanatibiwa, na hilo ni jukumu lako kabla halijawa lake.

Mwone mganga mkuu wa wilaya, umuulize hospitali iliyo karibu nanyi inayotoa huduma shufaa, na kama inatoa mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Watu wengi, hata baadhi ya wenzetu wa afya, huiogopa mofini wakidhani ni dawa ya kumharakishia mtu kifo. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haifanyi hivyo. Mofini ya maji hunywewa kwa saa zilizopangwa, kwa kawaida kila baada ya saa nne, bila kungoja maumivu yarudi. Hufunga choo, ndiyo maana huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Na kipimo chake huamuliwa na mtaalamu tu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 1986 ngazi yake ya kutibu maumivu ya saratani, yaani mpango wa kupanda hatua kwa hatua hadi dawa kali zaidi kadiri maumivu yanavyozidi, na mofini imo katika hatua ya juu. Hapa jirani, Uganda, Dkt. Anne Merriman alianzisha shirika la huduma shufaa la Hospice Africa Uganda mwaka 1993 akitumia mofini ya unga iliyochanganywa na maji, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa angeweza kuinywa akiwa kwake, na mwaka 2004 nchi hiyo iliruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu waiandike wao wenyewe. Mhudumu wako haandiki dawa wala habadilishi kipimo hata kwa tone moja, hata ndugu wakimsihi. Kazi yake ni kuona kwamba imetolewa kwa saa yake, kuuliza choo, kutambua kwamba chupa inakaribia kwisha, na kupiga simu. Simu hiyo lazima iwe na mtu wa kuipokea. Andika namba mbili, yako na ya muuguzi aliyekubali, mzibandike ukutani katika kila nyumba, na siku utakayosafiri mkabidhi mwingine zamu yako.

Daktari Cicely Saunders, aliyefungua huko London mwaka 1967 hospisi ya St Christopher's, yaani nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, alianza kuwatumikia wanaokaribia kufa akiwa muuguzi wa kujitolea, mwaka 1948, katika nyumba ya wagonjwa maskini. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekufa yana pande nne: mwili, mawazo, uhusiano wake na watu, na roho. Wahudumu wako wanaweza kufanya makubwa katika zile tatu za mwisho, nao wanajua kuliko daktari yeyote kwamba mgonjwa anahangaika kwa sababu ya ada ya mtoto au kwa sababu hajasemezana na kaka yake tangu kesi ya shamba. Lakini mwili unapolia, hizo nyingine hazisikiki.

Kuhusu malipo, chini ya neno hilo huwa kuna malalamiko mawili tofauti. Lipo la mtu ambaye kweli hawezi: ana watoto, ana palizi, na kila ziara inamgharimu nauli ya bodaboda. Na lipo la mtu ambaye hakuna aliyewahi kutambua anachofanya, akatumia neno malipo kwa kukosa lingine. Huyo wa pili hatibiwi kwa fedha, nimekwisha kueleza anavyotibiwa. Huyo wa kwanza usimhubirie. Nauli, vocha, buti za mvua, mwavuli, sabuni na glovu si zawadi anazopewa mhudumu mzuri. Ni deni la kikundi kwa kila mhudumu, na lilipwe kabla ya ziara, si baada ya mwezi. Mjane anayetoa nauli mfukoni mwake ili akamwogeshe mgonjwa wa nyumba nyingine ametoa kuliko sisi wengine tunaoweka sadaka kikapuni. Katika jimbo la Kerala, India, mtandao wa huduma shufaa wa majirani uliokua tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 katika wilaya kama Malappuram umejengwa kwa sehemu kubwa na michango midogo ya mara kwa mara ya wakazi wenyewe, wenye maduka, madereva na wanafunzi. Rungwe kuna chai, ndizi na parachichi, kuna vikundi vya kuweka na kukopa, na kuna misimu ambayo watu wana fedha mkononi. Omba wakati huo, useme wazi ni kwa ajili ya buti ngapi na nauli za miezi mingapi, na usome hesabu hadharani. Yule ambaye hata hivyo anahitaji kibarua, mwache aende kwa heshima na umwandikie barua ya kushuhudia utumishi wake.

La mwisho kwako ni kikao. Natambua kikao chenu ni cha kusoma ripoti: nani ametembelewa mara ngapi, nani hakutembelewa. Hicho kifupishe kiwe cha dakika 20. Kisha weka kingine, mara moja kwa mwezi, ambacho daftari halifunguliwi. Anzeni kwa chai, maana wengi wametoka mbali na huko kwenu ubaridi wa Juni na Julai si wa kuzungumza na tumbo tupu. Watajwe kwa majina wote waliofariki mwezi huo, na mnyamaze kidogo kwa kila jina. Kisha kila anayetaka aseme jambo moja lililomlemea. Anayesikiliza asishauri, asimwambie mwenzake ajikaze, wala asimweleze mapenzi ya Mungu kabla hajaulizwa. Wewe kama katekista utapata shida katika hili la mwisho, kwa hiyo nakuomba kikao hicho kiongozwe na mwingine, na wewe ukae kama mmoja wao na usimulie ya kwako. Una wagonjwa 23 moyoni mwako, mwanangu, na barua yako nzima haina sentensi hata moja inayosema wewe mwenyewe unaendeleaje.

Barua ya pili

Mpendwa Mshauri, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, na ninaratibu wahudumu 12 katika vijiji vya karibu na Makambako. Mhudumu wetu kijana, binti mwema na mchapakazi, alipiga picha akimlisha mgonjwa uji, akaituma katika kundi la WhatsApp la kwaya yake akiomba maombi, na katika maneno yake alitaja kijiji na kwamba mgonjwa anatumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Picha imesambaa. Familia imetufungia mlango, na binti analia kila siku. Baadhi ya wenzangu wanataka afukuzwe. Wewe unaonaje?

Mwalimu, Makambako

Jibu

Mwalimu, salaam nyingi. Maji yakimwagika hayazoleki, kwa hiyo tusihangaike na kuifuta picha kana kwamba kufuta kutairudisha siri. Ifutwe, lakini kazi iko kwenye familia ile. Nenda wewe na kiongozi mmoja, bila binti, na usianze kwa kueleza kwamba nia yake ilikuwa njema. Sema mmemkosea mgonjwa na nyumba yake, na kwamba kosa ni la kikundi. Waulize wanataka nini kifanyike. Wakisema msirudi tena, msirudi, ila waachieni namba ya muuguzi na mhakikishe kwamba dawa haikatiki.

Sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa hali ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inahusu habari za afya. Wahudumu waambiwe hivyo waziwazi. Hata hivyo, mkoani kwenu sioni kama ni sheria itakayowafanya watu waelewe. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta Njombe ikiongoza nchini, watu wazima 11.4 katika kila 100 wakiishi na virusi, na wenye umri wetu tunakumbuka Makete ilivyojaa nyumba za bibi na wajukuu wasio na wazazi. Mtu wa mbali angedhani kwamba mahali ambapo karibu kila ukoo umeguswa, siri haina uzito tena. Ni kinyume chake. Watu wa huko wameona jinsi nyumba inavyotazamwa inapokwisha kujulikana, na duka likaacha kuikopesha.

Binti usimfukuze. Kama angekuwa amesengenya kilabuni ningesema aondoke leo, lakini huyu aliomba maombi. Mwondoe katika ziara kwa miezi kadhaa, arudi kwa kusindikizana na mhudumu mtu mzima, na yeye mwenyewe, atakapokuwa tayari, awaeleze wapya kilichotokea. Wakati huo huo jiulize jambo moja ambalo naliuliza kwa heshima: alikuwa na nani wa kumwambia? Kijana amemlisha mtu uji, ameona mifupa yake, amerudi nyumbani na picha ile kichwani. Kama hakuna mtu wa kikundi aliyemuuliza jioni ile ameona nini, mzigo ulitafuta pa kutua, ukatua kwenye kwaya. Kukataza siri isitoke bila kuonyesha pa kuiweka hakutoshi. Mpe kila mhudumu mtu mmoja, ndani ya kikundi, ambaye anaruhusiwa kumwambia yote.

Mengine ni ya mkono tu. Simu ibaki mkobani mtu akiingia chumbani kwa mgonjwa, hata kama familia yenyewe inaomba picha. Daftari liwe na namba badala ya majina, na orodha ya majina ikae kwako chini ya kufuli. Na wafundishe kwa kuigiza, kama ulivyokuwa ukifanya darasani: mmoja awe muuza nyanya anayeuliza, "Mzee wa pale kwa kina fulani anaumwa nini hasa?", mwingine ajibu, "Yupo, ukipita mwamkie mwenyewe." Warudie mpaka jibu litoke bila kusita, kwa sababu swali la sokoni huja ghafla na kwa sauti ya upole.

Barua ya tatu

Shikamoo Mama. Nina miaka 21, ni mwanafunzi wa chuo hapa Iringa, na kila Jumamosi namtembelea babu mmoja Kihesa mwenye saratani ya tezi dume. Wiki iliyopita alinishika mkono akaniuliza, "Mjukuu wangu, hivi nitapona kweli?" Nikamjibu utapona, babu. Naona nimemdanganya, na sasa naogopa kurudi. Mratibu wangu sijamwambia.

Mwanafunzi, Iringa

Jibu

Marahaba, mwanangu. Ulijibu kama ambavyo wengi wetu tungejibu, kwa sababu ulimpenda. Lakini nadhani babu alikuwa anatafuta mtu wa kuzungumza naye, akakuchagua wewe, na neno "utapona" likafunga mlango aliokuwa ameanza kuufungua. Unaweza kuufungua tena. Ukifika, mwamkie kwa heshima kama mlivyozoea, kaa chini usawa wa uso wake, umwambie: "Babu, wiki iliyopita uliniuliza jambo, nami nikakujibu haraka. Wewe mwenyewe unaonaje?" Kisha subiri, hata kimya kikiwa kirefu mpaka kikakutisha.

Huenda akasema anajua anakwenda. Huenda akataka kuzungumzia shamba, au mtoto aliye mbali, au kama atazikwa kwao. Usimpe habari za ugonjwa ambazo hukupewa kuzitoa. Mwambie utamwomba muuguzi aje azungumze naye, na umwombe kweli siku hiyo hiyo. Akitaka kuandika wosia, usiuandike wewe, mwambie mratibu awaite wanaostahili. Na akikuuliza tena moja kwa moja, sema, "Sijui, babu, ila Jumamosi nitakuwa hapa." Sema hivyo kama tu utakuwapo, na kipindi cha mitihani kikikaribia mwambie mapema, umpeleke kwake mwenzako atakayekushikia nafasi wakafahamiane.

Mratibu wako mpigie leo. Mwambie yote mawili, kwamba ulijibu vibaya na kwamba unaogopa, kisha mwombe muende pamoja Jumamosi hii. Yeye atakaa na bibi jikoni, wewe uingie kwa babu.